Starlet Mbili na Raum Moja: Gari Zima Kutoka Mikweche Mitatu

Tuseme uko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, na nyuma ya nyumba una Starlet mbili. Ya kwanza bodi yake nzima, injini imekufa kwa kuchemsha. Ya pili iligongwa ubavuni, lakini giaboksi yake ya mkono bado inakula gia vizuri. Shemeji yako wa Namanyere naye ana Raum ya zamani iliyopinduka, anaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Swali linalofika gereji huwa lilelile: "Fundi, hapa halitoki gari moja?"

Linatoka. Ila wengi huanzia kwenye injini, kwa kuwa ndiyo inayopiga kelele. Mimi huanzia kwenye herufi.

Fungua boneti, tafuta namba ya chesisi kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Starlet ya mwisho, iliyoundwa kati ya 1996 na 1999, inaanza na EP91. Raum ya kwanza, ya kuanzia 1997, ni EXZ10. Herufi ya mwanzo kwa Toyota hutaja ukoo wa injini, kwa hiyo E na E ni ndugu. Corolla 110 nayo, ukiikuta imeandikwa EE111, ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. IST ya kwanza ni NCP60 au NCP61 na Probox ni NCP50 au NCP51, hao ni wa ukoo wa NZ. Vitz ndiyo inayoponza watu. Sura ni moja, lakini SCP10 ina injini ya SZ ya cc 1,000 na NCP10 ina ya NZ ya cc 1,300. Namfahamu mteja aliyesafirishiwa silinda hedi kwa basi kutoka Mbeya hadi Sumbawanga, akaipakata ikiwa imefungwa kwenye kiroba, na tulipoiweka mezani matundu ya bolti hayakulingana hata moja. Alikuwa ameagiza "ya Vitz", basi.

Sasa turudi kwenye mikweche yako. Starlet ina injini ya 4E ya cc 1,331, Raum ina 5E ya cc 1,497. Upana wa silinda ni uleule, milimita 74. Kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni: milimita 77.4 kwenye 4E, milimita 87 kwenye 5E. Undugu huo ndio unaofanya giaboksi ya Starlet ikae mgongoni mwa injini ya Raum bila kuchongewa pleti. Na kwa kuwa Raum inapita tani moja na Starlet haifiki, injini iliyozoea mzigo mkubwa imepewa mdogo. Anayetoka ziwani, mita 773 juu ya usawa wa bahari, akapanda mpaka Sumbawanga kwenye mita 1,800 hivi, atauona utamu huo. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Dar es Salaam, hata kabla hujapakia gunia la dagaa.

Miradi mingi haifii kwenye injini lakini. Inafia kwenye waya.

Ukichukua injini ya Raum, chukua na kontrol boksi yake, wayaringi yake yote ya injini na sensa zake. Kuna fundi atakwambia boksi ya Starlet inatosha, mbona gari limewaka! Ni kweli litawaka, na mjini litatembea bila kukusumbua. Lakini boksi hiyo inapiga hesabu ya mafuta ya silinda ndogo. Ukiwa umekanyaga hadi mwisho mlimani, silinda kubwa zinapata mafuta haba, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni ndizo zinazolipa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwatoa watu jasho. Raum ni otomatiki, na kwenye otomatiki waya wa stata hupita kwanza kwenye swichi ya giaboksi inayoruhusu gari kuwaka likiwa P au N tu. Ukifunga giaboksi ya mkono, swichi ile haipo tena. Unazungusha ufunguo, kimya. Watu wamebadilisha betri, wakafungua stata, wakamlaumu aliyewauzia, kumbe ni waya mbili za kuunganishwa. Fundi umeme anayejua kazi ataziunganisha kwa kupitia swichi ya pedeli ya klachi, ili gari lisije likaruka ukiliwasha likiwa kwenye gia.

Na usikate waya kwa pulaizi ili umalize haraka. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, nikakaa wiki mbili natafuta waya mmoja wa kijani. Bandika karatasi ya gundi kwenye kila soketi kabla ya kuichomoa, andika ilikotoka. Piga na picha kwa simu.

Bodi sasa, na hapa sitabembeleza. Chagua bodi moja iwe mama, nyingine ziwe za kutoa viungo. Milango, boneti, taa, viti, vioo, vyote hamisha upendavyo kati ya EP91 na EP91. Lakini kukata nusu ya mbele ya Starlet hii na kuiunga kwa nusu ya nyuma ya ile ni kujitafutia kaburi. Vigari hivi havina chesisi ya chini inayojitegemea kama Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na siku ya ajali hukunjika pale pale ulipoungia.

Hachibaki, yaani gari ambalo mlango wa nyuma hunyanyuka pamoja na kioo chake, lina udhaifu wa ziada: mgongoni kuna tundu kubwa. Chukua futi, pima tundu hilo kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikiachana kwa zaidi ya milimita chache, bodi imepinda, hata kama rangi inang'aa. Fanya hivyohivyo sehemu ya injini, kati ya vichwa vya shokapu na maunti za mbele.

Mlango huo ukishindwa kubana raba yake, vumbi la barabara ya Lyazumbi kwenda Kabwe litakujulisha mapema. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma yake huwa na msukumo mdogo, hivyo linavuta ndani kila kilichoko mkiani. Vumbi linaonekana. Moshi wa ekzosi unaingia na vumbi hilo, na sumu yake haina rangi wala harufu. Abiria wakilalamika kichwa kinauma, simama ukague raba na ekzosi, usiwanunulie vidonge.

Penye kutu, saga hadi chuma cheupe ndipo uchomelee. Ufipa hii, nyanda za Sumbawanga, iliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru marefu kuliko mtu, na bado kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, kabla ya kufika kwa mfua vyuma. Leo mtu anachomelea juu ya kutu na kupaka pati.

Rimu za Starlet zako hazina shida, zote mbili ni nati nne kwenye duara la milimita 100. Breki zina shida. Umeongeza nguvu ya kupanda, na kila ulichopanda utakishuka. Kabla ya kushusha injini, badilisha mafuta ya breki, maana ya zamani yamenyonya maji, na maji huchemka kwenye mteremko mrefu mpaka pedeli inazama sakafuni. Kagua dramu za nyuma. Ukihamishia breki kubwa za mbele kutoka gari jingine, hakikisha masta inazimudu, la sivyo utakanyaga mara mbili ndipo zishike. Uzuri wa giaboksi ya mkono uko hapo pia: unashuka na gia ya pili, injini inakushikilia.

Mwisho ni kadi. Kadi ya gari ya TRA ina namba ya chesisi na namba ya injini, na injini yako sasa si ile iliyoandikwa. Peleka mabadiliko hayo yakaguliwe na yaandikwe kabla askari wa usalama barabarani au mtu wa bima hajayagundua mwenyewe. Ukinunua Raum ya shemeji, mwandikishiane hati ya mauzo yenye namba ya injini, hata kama ni shemeji. Na kama yeyote kati ya wauzaji hana kadi, muache na mkweche wake.