Ulazima wa Nani? Sheria za Elimu ya Msingi Zikitazamwa kutoka Buswelu

Makala haya yanachunguza dhana ya ulazima katika sheria za elimu ya msingi Tanzania Bara, na kuuliza ilimfunga nani.

Sheria ya Elimu ya 1961 iliondoa ubaguzi wa rangi shuleni. Ile ya 1969 ikaiwezesha serikali kutwaa shule zilizokuwa mikononi mwa mashirika ya dini. Ulazima wa kusoma ulitanguliwa na siasa. Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Hivyo Sheria Na. 25 ya 1978 iliidhinisha jambo ambalo utekelezaji wake ulikwisha kuanza.

Kiini chake ni Kifungu cha 35. Mtoto aliyetimiza miaka 7 lakini hajafikia 13 sharti aandikishwe, ahudhurie mfululizo hadi amalize, na mzazi ndiye anayewajibika. Kikisomwa kwa makini, kifungu hiki hakiitaki serikali iwe na darasa kabla ya kumdai mtoto.

Buswelu, ambayo leo ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, imo katika nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji. Katika nyumba ya mfugaji, mtoto wa miaka 8 ndiye mchungaji. Ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mikono yake huhitajika kwenye kuanika dagaa. Kumwandikisha ni kupunguza nguvukazi. Ada ilifutwa mwaka 1973, lakini malipo yakarejeshwa katikati ya miaka ya 1980 na kudumu hadi yalipofutwa tena mwaka 2001. Kwa takribani miaka 15, basi, mzazi alilazimishwa kupeleka mtoto na papo hapo akatozwa.

Isitoshe, sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mzazi aliyetishiwa adhabu aliijua kwa kinywa cha viongozi wa kijiji tu, na kinywani humo neno lilikuwa amri. Haki ya mtoto haikusikika. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria kwa marekebisho ya 2021, miaka 43 baadaye.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imerefusha elimu ya lazima kuwa miaka 10: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Mchungaji wa miaka 8 sasa anadaiwa mpaka ujanani, umri ambao kazi yake ina thamani kubwa zaidi kwa baba yake.