Mbwa wa London na Kiti cha Mtu wa Nje

Tarehe 2 Februari 1903, katika ukumbi wa mihadhara wa University College mjini London, waliketi wanafunzi wa utabibu wapatao 60 kumtazama mwanachuoni wa fiziolojia, William Bayliss, akijaribu kuwadhihirishia, kwa mbwa mdogo wa rangi ya hudhurungi aliyefungwa juu ya meza na kupasuliwa shingo, jinsi mate yanavyotoka kwa nguvu isiyotegemea msukumo wa damu. Kwa muda wa nusu saa alizisisimua kwa umeme neva ziendazo kwenye tezi za mate, na jambo alilolikusudia halikudhihirika. Akaacha, na mbwa akaondolewa na kuuawa.

Miongoni mwa hadhira ile walikuwamo wanawake wawili wa Kiswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, ambao walijiandikisha katika chuo cha utabibu cha wanawake kwa nia hasa ya kushuhudia yatendwayo kwa wanyama, na waliokuwa wakiandika shajara ya waliyoyaona. Waliandika kwamba mbwa alifurukuta, kwamba hawakusikia harufu ya dawa ya usingizi, na kwamba mwilini mwake mlikuwa na jeraha la upasuaji mwingine uliotangulia. Stephen Coleridge, katibu wa chama kilichopinga upasuaji wa wanyama hai, akayatangaza hayo hadharani. Bayliss akamshitaki kwa kashfa, na mwezi wa Novemba akashinda, akapata fidia ya pauni 2,000 na gharama za pauni 3,000, kwa kuwa wazee wa baraza waliridhika kwamba mnyama alikuwa amelazwa kwa dawa.

Ushindi ule, hata hivyo, ulifunua jambo zito kuliko kashfa yenyewe. Uingereza ilikuwa na sheria tangu 1876, iliyomtaka mwenye kufanya majaribio awe na leseni ya Waziri wa Mambo ya Ndani na kumlaza mnyama kwa dawa, na iliyokataza mnyama aliyekwisha kutumiwa katika jaribio moja asitumiwe tena katika jingine. Naye Ernest Starling, mwenziwe Bayliss katika kazi na shemeji yake kwa ndoa, alikiri mbele ya mahakama kwamba mbwa yule alikwisha kumpasua Desemba iliyotangulia, na kwamba alitumiwa mara ya pili ili asiuawe mbwa wa pili. Mimi siuoni udhuru huo kuwa upuuzi. Je, ipi iliyo karibu na insafu: mnyama mmoja kuteswa mara mbili, au wawili mara moja moja? Watu wenye dhamiri njema wangeweza kuhitilafiana juu ya swali hilo mchana kutwa, na hata leo kamati za maadili hulijadili. Lililo baya ni kwamba Starling alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, ilhali mkaguzi wa serikali yu mbali na leseni imo mfukoni.

Yaliyofuata yalikuwa ghasia zaidi kuliko hoja. Mnamo 1906 wapinzani wakamjengea mbwa yule sanamu ya shaba nyeusi huko Battersea. Desemba 1907 wanafunzi wa utabibu wakaandamana mitaani kuipinga na kupambana na polisi. Na Machi 1910 baraza la mtaa, kwa kuchoshwa na zahama, likaiondoa alfajiri chini ya ulinzi wa polisi.

Hoja yenye manufaa ilichelewa, ikaja bila kelele. Mwaka 1926 Charles Hume aliasisi katika Chuo Kikuu cha London jumuiya ya ustawi wa wanyama, ambayo haikuwatukana wanasayansi bali iliwaita kwenye mazungumzo, na ndiyo iliyowaagiza William Russell na Rex Burch kufanya utafiti waliouchapisha kitabuni mwaka 1959. Wao waliwataka wataalamu waanze kwa kutafuta njia isiyohitaji mnyama; ikikosekana, watumie wanyama wachache iwezekanavyo; na hao wachache wapunguziwe maumivu na dhiki kwa kadiri ya uwezo.

Marekani, baada ya fedheha kadhaa za maabara, iliamriwa mwaka 1985 kamati ambayo kila chuo kilicho chini ya sheria sharti kiwe nayo: ndani yake yumo daktari wa wanyama, na yumo mtu asiye na uhusiano wowote na chuo, awakilishaye jamii ya kawaida. Mhadhiri hamgusi mnyama kabla kamati haijaridhia maandishi yake, ambamo aeleze kwa nini mfano wa plastiki au filamu hautoshi, idadi ya wanyama ameipataje, maumivu atayazuia kwa dawa gani, na mnyama atauawa vipi. Kisha kila baada ya miezi sita kamati hukagua mabanda, nayo ina mamlaka ya kusimamisha kazi. Aibu yake ni kwamba sheria hiyo haiwahesabu panya waliozalishwa kwa ajili ya maabara, ambao ndio wengi kupita wanyama wengine wote wa maabara, kana kwamba maumivu hupimwa kwa urefu wa mkia.

Kwetu, Kenya inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayodai leseni kwa majaribio, na Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Leseni ni mwanzo mwema, lakini haiulizi maswali. Huuliza mtu aliyeketi mezani, na aghalabu swali zito hutoka kwa yule asiyetafuta shahada wala ruzuku. Basi vyuo vyetu na viwape watu wa mitaani viti vyenye kura katika kamati zao. Nawe msomaji, uwe mwalimu wa madrasa, mfugaji au mama wa nyumbani, ukialikwa humo usikatae kwa kudhani huna ilimu ya kutosha. Nenda, ukaulize ni kwa nini, na usitie sahihi mpaka ujibiwe kwa maneno unayoyafahamu.