Saa ya umeme ya zamani: usikwangue rangi yake

Mtumikaji mmoja wa atelie ya umeme alikuja dispanseri kufungwa kidole. Alijikata na kioo cha saa. Nikamwuliza: saa gani? Akatoa mfukoni saa ya mkono ya umeme aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa anakwangua rangi ya namba kwa wembe, kwa sababu haiwaki tena usiku. Kazi hiyo aliifanya juu ya meza ya kulia, watoto wamemzunguka. Kidole kilikuwa jambo dogo.

Kutengeneza saa hizo ni kazi nzuri ya mikono, hatuikatazi. Ya Hamilton ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957. Mwaka 1960 Bulova ikatoa Accutron: haina gurudumu la kwenda na kurudi, bali chuma chenye umbo la uma kinachotetemeka mara 360 kwa sekunde. Iweke sikioni: haipigi tiki-tiki, inavuma kama nyuki. Anayeiamsha baada ya kulala miaka mingi sandukuni ana haki ya kujisifu.

Lakini tazama namba na mishale. Katika baadhi ya saa za miaka ile, rangi ya kuwaka ilichanganywa na radiumu. Sisi wa Katanga jina hilo si geni kwetu: mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, ambako radiumu ilitolewa tangu mwaka 1922. Rangi ikiacha kuwaka, ni ile dawa ya kung'aa iliyochoka. Radiumu haijachoka, hupungua nusu tu kwa miaka 1,600.

Ikikaa chini ya kioo kizima, hatari ni ndogo. Adui ni vumbi lake. Likiingia kwa pumzi au kwa mdomo, mwili hulichukua kama chokaa na kuliweka katika mifupa. Huko Orange, New Jersey, wasichana waliopaka namba za saa tangu mwaka 1917 walichongoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Mataya ya wengi yalioza, na baadhi yao walikufa.

Basi, badilisha jiwe la umeme kwa upande wa mgongo, kioo ukiache. Usikwangue, usipulize, usivute sigara hapo. Rangi ikianguka mezani, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kifunge katika mfuko wa plastiki, kisha nawa mikono. Saa hiyo usiilaze karibu na kitanda.

Majiwe ya zamani yalikuwa na zebaki, volti 1.35. Usiyatoboe wala kuyatupa motoni. Ya leo, yenye fedha, yana volti 1.55, na saa nyingine hukimbia kwa ajili hiyo.

Mama, sikia hili: jiwe la saa, hata lililokwisha nguvu, likimezwa na mtoto na kukwama kooni, laweza kumwunguza ndani kwa muda wa masaa mawili tu. Usimtapishe. Mlete hospitali mara moja, hata usiku wa manane, na ukiwa na jiwe jingine kama lile, lilete pia tulitambue.