Kiapo cha ndoa: utunge mwenyewe au useme cha mchungaji?

Jamani, harusi za siku hizi zina mambo! Zamani ukishaketi ukumbini ulisubiri vitu vitatu tu: keki, zawadi na pilau. Sasa kimeongezeka cha nne. MC anaomba utulivu, muziki unateremshwa, bwana harusi anachomoa karatasi mfukoni mwa koti na kusoma kiapo alichokitunga mwenyewe. Kina mama leso machoni, wapiga picha wanakanyagana.

Mimi sina ugomvi na mtindo huo. Wamarekani ndio walioushabikia sana tangu miaka ya 1960 na 1970, na kwetu umeingia kwa filamu na video za harusi za watu. Ugomvi wangu ni na maneno yenyewe. Nimekula pilau Area C, Chang'ombe, Kikuyu na hapa kwetu Mkonze, na kila mahali bibi harusi ni nyota, ua, pumzi na asali. Ukimbadilisha bwana harusi katikati ya sentensi, hakuna atakayegundua!

Binamu yangu alipopata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, walinijia nyumbani Jumapili moja. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kalamu, tutungie." Nikakataa katakata. Kiapo cha kutungiwa ni kama mswaki wa kuazima. Nikampa kila mmoja karatasi na swali moja: mwenzako akuahidi kitu gani ambacho asipokitimiza utajua kabla mwezi haujaisha?

Shemeji hakukawia. Aliandika mstari mmoja akaigeuza karatasi kifudifudi. Tulipoifunua tulikuta hivi: "Kiwanja kiandikwe majina yetu wawili."

Ukumbi mzima (maana yake sebule yangu) ukawa kimya. Wenyeji wataelewa. Kabla Serikali haijatangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, baada ya uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973, ukisema Mkonze watu waliwaza mtama na uwele. Leo ukisema Mkonze mtu anakuuliza mita za mraba ngapi. Wachumba hawa walikuwa wanapigia hesabu kiwanja cha kununua wakishaoana, yeye mshahara, dada fedha zake za kikoba. Binamu kichwani mwake alishaandika jina moja. Lake.

"Mwanamume ndiye mwenye nyumba," akasema. Nikamjibu, nyumba ndiyo, lakini sheria hebu isikie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huhesabiwa ni sawa kwa sawa, vilevile mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 59 nacho kinamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na kina dada wasisahau kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. Lakini kuthibitisha mchango mahakamani ni safari ndefu, na jina kwenye hati ni dakika moja.

Binamu alinuna. Kisha akadai karatasi yake nayo isomwe. Yeye alitaka mama yake, ambaye miguu inamsumbua, ahamie kwao akihitaji matibabu, na asihesabiwe kuwa mgeni. Shemeji naye akanuna! Hapo ndipo nilipoona kiapo kimeanza kuandikika. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakaondoka wamekubaliana yote mawili.

Sasa yasemwe wapi? Mchungaji wao alikuwa mpole ila hakuyumba: kanisani maneno ni ya kitabu. Na kitabu chenyewe kina umri. Kiapo cha Waanglikana kinatokana na Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, ambamo mke aliahidi pia kutii. Mwaka 1981 Diana alipoolewa na Prince Charles jijini London neno hilo la kutii liliachwa, na kwa kiherehere cha siku hiyo akayachanganya majina ya bwana. Ndoa ilipita.

Kwa Wakatoliki angalia zaidi kalamu yako. Kanuni ya 1102 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema ndoa yenye sharti la jambo la baadaye si halali. Ukisema "nakuoa ilimradi kiwanja kipatikane," umejiharibia mwenyewe. Ndugu zetu Waislamu, wengi huko Kondoa, neno linapita kati ya walii na bwana harusi, naye bibi harusi sauti yake inasikika kwenye mahari anayoitaja. Bomani kwa mkuu wa wilaya unatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla, na siku yenyewe uwe na mashahidi wasiopungua wawili.

Kwa hiyo kanisani walisema ya kitabu, ya kwao wakayapeleka ukumbini. Nilikaa meza moja na baba mkubwa, mzee wa Kigogo wa mbukwa na fimbo. Aliponiona na shauku akanicheka. "Sisi hatukuahidi kwa mdomo, mwanangu. Ng'ombe waliahidi." Ni kweli. Ng'ombe wa mahari walichangwa na ndugu, wakagawiwa upande wa baba na upande wa mama wa binti, kwa hiyo ndoa ikitikisika zizi zaidi ya moja linatikisika. Bwana na bibi hawakuulizwa sana. Ng'ombe siku hizi wamekuwa bahasha, na bahasha haina anayeikumbuka mwaka wa pili.

Binamu akasimama. Hakuna nyota, hakuna asali. Akasema kiwanja kitakuwa na majina mawili, akataja na mwezi. Vijana wakapiga miluzi, wajomba wawili wakatazamana. Bibi harusi akafuata: mama ana chumba chake, na ufunguo atakuwa nao mwenyewe.

Mama mkwe hakulia. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, MC akampelekea kipaza sauti.

"Na hicho chumba," akauliza, "choo kitakuwa ndani au nje?"