Viungo Vilegevu Si Alama ya Uvivu

Apitaye Kigobe, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, huwaona walinzi wamesimama wima penye jengo ambamo Bunge limekuwa likikutana. Miongoni mwa washikao zamu za namna hiyo popote pale, wamo ambao magoti yao hupinda kwenda nyuma wasimamapo, na jioni huwauma. Wengine bega huteguka kwa jambo dogo tu. Wenzao husema kwamba wanakwepa gwaride. Sisi twaona heri kupima kabla ya kuhukumu.

Kipimo kipo, nacho hakihitaji mashine kubwa. Kilitangazwa mwaka 1973 na daktari Peter Beighton na wenzake, baada ya kuwachunguza Watswana wa Afrika Kusini. Uchunguzi huo, basi, ulifanyika humu humu barani mwetu. Jumla ni alama 9. Kidole cha mwisho kikipinda nyuma kufikia nyuzi 90 au zaidi, alama 1 kwa kila mkono. Kidole gumba kikigusa kigasha, alama 1 kwa kila mkono. Kiwiko kikipinda nyuma kupita nyuzi 10, alama 1 kwa kila upande. Goti vivyo hivyo. Mwisho, mtu akiinama bila kukunja magoti na viganja vikalala sakafuni, alama 1.

Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 2017, mtu mzima asiyezidi miaka 50 apatapo alama 5 huhesabiwa kuwa na viungo vilegevu. Aliyepita umri huo, alama 4. Lakini alama peke yake si ugonjwa. Wako wacheza ngoma wazipatao nao ni wazima kabisa. Daktari hutazama pia maumivu, ngozi, kuteguka kwa mara kwa mara, na habari za jamaa, kwani ulegevu huu huweza kurithiwa, kama katika ugonjwa wa Ehlers-Danlos. Tena kipimo hiki hakigusi bega, mahali pa kitako cha bunduki. Nalo lichunguzwe mbali.

Ndugu askari na polisi, msishindane kujikunja kambini, maana kukilazimisha kiungo ni kukiumiza. Mwenye maumivu amwone daktari, apewe mazoezi ya taratibu ya kuimarisha misuli. Nanyi wakuu wa vikosi, mpelekeni apimwe kabla ya kumwandikia adhabu.