Kibosho wanalipia spea, uchunguzi wanautaka bure

Kenya haipokei gari la nje lililozidi miaka 8. Tanzania inalipokea, ila gari dogo la abiria lililopita miaka 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, haoni sababu ya kulibadilisha. Analitunza. Noah za injini ya 3S, Hiace za 3L na 5L, Corolla za miaka ya 90 na Land Cruiser za 1HZ ndizo zinazowalisha mafundi kuanzia Umbwe hadi Moshi mjini, na kazi yao kubwa ni kuzuia vitu kuvuja.

Kila doa chini ya gari lina tafsiri yake. Jekundu na lenye mafuta ni oili ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi, kwani Toyota nyingi za zamani hutumia aina moja kote kuwili. Jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Oili ya difu inajulikana kwa harufu yake kali ya kiberiti. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana neno. Lakini mafuta ya breki, ya njano hafifu, yakionekana upande wa ndani wa tairi, gari hilo lisiteremke mlima hata kwa mwendo wa kobe.

Tatizo ni kwamba doa linakuambia kinachovuja, halikuambii kinavujia wapi. Oili ikitoka kwenye kava la juu la injini hutiririka nyuma ya bloku, upepo ukaisukuma, ikadondokea pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi mwenye haraka atasema sili ya nyuma ya krenki imekufa. Gia boksi inashushwa, sili mpya inafungwa, wiki inayofuata doa liko palepale, wakati gasketi ya kava ingebadilishwa kwa spana chache. Dawa ni kuosha injini, kuikausha, kuliendesha gari hadi mjini na kurudi, kisha kumulika kuanzia juu kwenda chini. Vilevile ikaguliwe vali ndogo ya kupumulia injini. Ikiziba, mgandamizo wa ndani unazidi na sili zilizo nzima zinaanza kutoa jasho.

Mlima nao una hila yake. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoshikilia mgandamizo ili yasichemke mapema. Springi yake ikichoka, gari linalotulia mjini linachemsha likipanda Kibosho kwa gia nzito, na mwenye gari anaambiwa silinda hedi imepinda. Pampu ya mkono ya kupima mgandamizo wa rejeta, injini ikiwa imepoa, inamaliza ubishi huo kwa dakika chache.

Hasara nyingine iko kwenye kuagiza. Ukimpigia muuza spea wa Shauri Moyo, Ilala, jijini Dar es Salaam, ukamwambia unataka sili ya Noah, hujamwambia kitu. Noah zina injini zaidi ya moja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17. Yana kibati chenye modeli, namba ya fremu, injini na gia boksi. Namba ya spea halisi ya Toyota nayo inasomeka: 90311 ni sili, 11213 ni gasketi ya kava la juu, 16100 ni wota pampu. Sili ya zamani mara nyingi imeandikwa vipimo vitatu vya milimita: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Picha ya kibati na ya sili hiyo itangulie kwa WhatsApp kabla ya pesa. Spea isiyo yake ikija kwa basi, gharama ya usafiri inalipwa mara mbili, na Hiace imelala huku tajiri anasubiri hesabu yake.

Haya yote mafundi wengi wanayajua. Kinachowaangusha ni bei. Mteja analipia spea na ufundi wa kufunga. Kuangalia, kwake, ni msaada. Basi fundi aliyetumia saa nzima akagundua klipu ya hozi imelegea anaondoka na pesa ya soda, na aliyeshusha gia boksi bila sababu anaondoka na posho ya wiki. Soko la namna hiyo linamlipa anayekosea.

Gereji za Kibosho zitoze ada ya uchunguzi, iandikwe kwenye risiti, na ikatwe kwenye bili mteja akikubali kazi ifanyike palepale. Desemba inafaa kwa kuanzia: wenyeji wanakuja kula Krismasi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na kabla ya kurudi kila mmoja anataka kujua kama gari litafika. Jibu hilo lina bei.