Siku bila daftari hupotea bila habari

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huukumbuka zaidi tunapozungumzia pesa. Mwenye duka huandika madeni, mweka hazina wa chama huandika michango, na mzazi huhifadhi risiti za karo. Lakini ni wangapi miongoni mwetu huandika jinsi wanavyokusudia kuitumia siku ya kesho? Saa 24 tunazopewa huenda bila hesabu yoyote, kisha jioni tunajiuliza zimekwenda wapi.

Msomaji anayetaka kujua thamani ya kupanga siku si lazima aanzie katika afisi kubwa za Nairobi. Na aelekee ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori. Kuanzia Kendu Bay na Mbita hadi Sori na Muhuru Bay, jamaa nyingi hupata riziki kutokana na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Wavuvi huingia majini usiku wakiwa na taa, kwa sababu omena huvutwa na mwangaza. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hizo hazifui dafu, na wengi hupumzika hadi usiku wa giza urejee.

Mashua zinaporudi alfajiri, akina mama wachuuzi huwa wamekwisha kufika ufuoni. Hununua, hubeba, kisha huanika omena juani. Jua likiwaka vizuri, omena hukauka na kupata bei nzuri. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huharibika, na aghalabu huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa ili wawe chakula cha kuku.

Sasa mtazame mchuuzi huyo. Ana nguo za kufua, mtoto wa kupeleka kliniki, kikao cha chama na deni la kukusanya sokoni. Lakini kufua kunaweza kungoja adhuhuri, na deni linaweza kudaiwa jioni. Mashua haingoji, wala jua halingoji. Kwa hivyo yeye huanza na mashua na jua, na mengine huyapanga kandokando.

Hali ni iyo hiyo kwa mkulima wa miwa huko Awendo, Kaunti ya Migori, ambako kiwanda cha sukari cha SONY kilijengwa. Muwa unaweza kukaa shambani kwa miezi mingi, lakini ukishakatwa huanza kupoteza sukari kadiri unavyochelewa kusagwa. Mkulima anayekata kabla ya kuwa na uhakika wa lori huitazama mali yake ikipungua uzito mbele ya macho yake.

Hapo ndipo penye siri ya orodha ya kazi za siku. Orodha nzuri si mkusanyiko wa kila jambo tunalotamani kufanya. Ni mpango wa kutanguliza lile lisilotungoja.

Kwa nini tuandike?

Huenda ukasema kwamba mchuuzi wa Sori haandiki chochote, na kazi zake zinakwenda. Ni kweli. Lakini yeye huamshwa na mashua, na hukumbushwa na jua. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya hana mashua ya kumwamsha. Insha anayotakiwa kuandika itanyamaza kimya hadi usiku wa mwisho. Vivyo hivyo mfanyakazi wa mjini, ambaye simu yake huita kila dakika na kila anayepiga hudai kuwa lake ndilo la haraka.

Isitoshe, binadamu ni hodari wa kujidanganya kuhusu muda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wataalamu wa saikolojia nchini Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao wangemaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikisia siku 34. Walimaliza baada ya siku 55 hivi. Hawakuwa wavivu. Kila mmoja alikadiria kana kwamba hapatatokea ugonjwa, mgeni wala shughuli nyingine.

Kuandika kuna faida nyingine. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vijana 57. Kabla ya kulala, baadhi waliandika kwa dakika tano mambo waliyopaswa kuyafanya siku zilizofuata. Wengine waliandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa. Jaribio hilo lilikuwa dogo na la usiku mmoja tu, lakini maana yake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kugaagaa kitandani akiogopa kusahau jambo. Likishaandikwa karatasini, kichwa hakina haja ya kulibeba.

Namna ya kuipanga

Huhitaji kununua kitabu cha bei ghali. Kipande cha karatasi na kalamu vinatosha. Fuata hatua hizi:

Kwanza, andika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi ina pilkapilka zake: chai, sare za watoto, matatu. Asiyejua aanzie wapi saa kumi na mbili asubuhi atachukuliwa na jambo la kwanza litakalojitokeza.

Pili, tangulia na mambo yenye saa maalumu. Anayetaka kuvuka kwa feri kutoka Mbita kwenda Luanda Kotieno hujua kwamba feri ikishang'oa nanga, atangoje safari nyingine. Kila siku ina feri zake: kipindi cha darasani, miadi ya daktari, benki inayofungwa. Hayo yaandike juu kabisa, kila moja na saa yake.

Tatu, chagua kazi tatu tu kubwa za kujaza nafasi zilizobaki. Orodha ya mambo 20 huvunja moyo kabla hata ya staftahi. Na kila kazi uieleze vilivyo. Usiandike "kusoma Historia". Andika "saa mbili usiku, sura ya tatu, maswali matano". Ya kwanza ni matumaini. Ya pili unaweza kuianza na kuimaliza.

Nne, kusanya pamoja kazi za mahali pamoja. Anayesafiri kutoka Homa Bay kwenda Migori hupitia Rongo na Awendo. Mwenye busara hugawa karatasi yake kwa vituo: la kufanya Rongo, la kufanya Awendo, la kufanya Migori mjini. Asiyefanya hivyo atafika Migori ndipo akumbuke kwamba barua ya mwalimu ilikuwa ya kuachwa Rongo, na nauli ya kurudi itamtoka.

Tano, acha nafasi tupu. Katika sehemu hizi, kama kwingineko nchini, habari ya msiba haipigi hodi. Matanga, mgeni wa ghafla, stima kupotea au mvua ya alasiri, yote hayo ni sehemu ya maisha. Kumzika jirani si kupoteza wakati. Lakini siku iliyojazwa hadi pomoni haina pa kuupokea msiba.

Mwisho, kila jioni futa yaliyokamilika na uyatazame yaliyobaki. Jambo likihamishwa siku tatu mfululizo, jiulize: je, nilifanye kesho kabla ya jingine lolote, nimwombe mtu mwingine, au niliondoe kabisa?

Mzigo ni wa nani?

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kupanga wakati hulipita kimya. Vimeandikwa kana kwamba msomaji anaishi peke yake, na kwamba chakula chake hujipika.

Uchunguzi wa Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya wakati nchini Kenya ulionyesha kuwa wanawake hutumia kwa wastani muda wa saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume hutumia chini ya saa moja. Fikiria maana yake kwa msichana wa kidato cha nne ambaye akitoka shule huteka maji, hupika, huosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake. Anapofungua kitabu ni saa nne usiku, na macho yanafumba. Kakake alikaa na kitabu tangu saa kumi na mbili jioni. Matokeo ya mtihani yakija, jamaa husema mvulana ana akili zaidi.

Msichana huyo hata ukimpa daftari la dhahabu halitamwokoa. Orodha haiongezi saa hata moja kwa siku. Linaloweza kumwokoa ni orodha ya nyumba nzima, ibandikwe ukutani pale jikoni ambapo kila mmoja ataiona: maji, kuni au makaa, vyombo, mifugo, mtoto mdogo. Kando ya kila kazi liandikwe jina, na majina ya baba na wavulana yawemo. Mara nyingi ni hapo tu, jina moja linapoonekana mara saba na jingine halionekani kabisa, ndipo wazazi hung'amua jinsi mzigo ulivyoelemea upande mmoja.

Wazazi wanaweza kukaa na watoto kila Jumapili jioni kwa muda wa robo saa na kuzibadilisha kazi hizo. Aliye na mtihani wiki hiyo apunguziwe, naye awapunguzie wenzake zamu yao ikifika. Watoto wakizoea hivyo, hawatasubiri chuo kikuu ndipo wafunzwe kujipangia.

Na usikate tamaa ukishindwa siku za kwanza. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyejiandalia ratiba ya siku saa kwa saa katika karne ya 18, alikiri katika tawasifu yake kwamba utaratibu ndio uliomsumbua kuliko mambo yote aliyojaribu kujifunza. 

Basi usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tafuta kipande cha karatasi. Andika lile moja ambalo kesho halitakungoja, na saa utakayolianza. Mawili mengine yaweke chini yake. Kisha mwulize aliye nawe nyumbani ana lipi kesho ambalo unaweza kumsaidia kulibeba.